Mbaruti Uani: Pambo au Gugu?

Siku hizi wakulima wengi wa skimu za huku Ngong, Kitengela na sehemu nyingine za Kajiado wameanza kupanda maua mbele ya nyumba zao. Jambo hilo ni jema. Nyumba yenye maua huonyesha kwamba mwenyewe amekuja kukaa, hakuja kupiga kambi. Lakini kuna swali moja linalokuja katika dirisha la ofisi yetu ya kilimo mara kwa mara, nalo ni hili: Je, mtu akipanda maua ya miiba, yaani yale ya jamii ya mbaruti, afanya vema au afanya vibaya?

Wanaoyataka wameona picha zake katika simu, vichwa vya buluu vilivyo mviringo kama mpira, wakavipenda. Tena wameambiwa kwamba mmea huo haujali jua wala ukame. Majirani zao nao wamekasirika. Wasema, mtu mzima na akili zake apandaje miiba kwa mkono wake mwenyewe, hali sisi sote tumetumia jembe na panga miaka mingi kuiondoa?

Mimi si Bwana Shamba. Ni karani tu wa ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Kwa hiyo haya ninayoandika si amri ya ofisi, ni maoni yangu. Kwa ufupi nasema hivi: mbaruti wafaa sana katika bustani kavu yenye jua, lakini una masharti yake. Mtu asiyeweza kuyatimiza masharti hayo asipande hata mche mmoja, maana hasara haitakuwa yake peke yake. Sasa nitaeleza sababu zangu moja moja.

Jina moja, mimea mingi

Ugomvi mwingi juu ya jambo hili watoka katika jina. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua neno mbaruti, maana Injili imelitaja pamoja na miiba kuwa ni mmea usioweza kuzaa tini. Lakini mtu wa huku akisema mbaruti, mara nyingi anakusudia mmea mwingine kabisa, ule wenye maua ya njano unaoota kando ya barabara na mahali palipochimbwa udongo. Majani yake yana miiba na mistari myeupe, kwa hivyo kwa mbali wafanana na mbaruti wa kweli.

Mmea huo ni mgeni. Asili yake ni Meksiko na nchi za jirani, na wataalamu huuita Argemone mexicana. Ni jamaa ya mmea wa kasumba. Mbegu zake ni nyeusi na ndogo, zafanana na mbegu za haradali, nazo zina sumu. Mwaka wa 1998 katika mji wa Delhi, India, watu walikula mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbegu hizo. Miili ilivimba, mioyo ikadhoofika, na zaidi ya watu 60 wakafa. Basi mmea huo usihesabiwe kuwa pambo hata kidogo. Ukiuona uani kwako, ung'oe kabla haujazaa.

Mbaruti wa kweli ni jamaa ya alizeti. Ukikitazama kichwa chake karibu, utaona kwamba si ua moja, bali ni maua madogo mengi yaliyofungwa pamoja, kama vile alizeti ilivyo. Iko aina nyingi. Mingine ni ya Ulaya, na watu wa Scotland wameufanya mmoja kuwa alama ya nchi yao. Lakini nasi tunayo yetu. Jamii iitwayo Echinops, ile yenye vichwa vya mviringo, huota yenyewe katika majani ya nyanda zetu za juu. Mmoja wao, Echinops amplexicaulis, una vichwa vyekundu vya kupendeza sana. Jamii nyingine iitwayo Carduus huota milimani, na mmoja wao umepewa jina la Mlima Kenya, yaani Carduus keniensis.

Uko pia mmea wa tatu ambao wauza maua huuchanganya na mbaruti. Huo ni Eryngium, wenye rangi ya buluu na majani makali. Wakulima wa Kenya huulima kwa kuuza nchi za ng'ambo. Huo si mbaruti, ni jamaa ya karoti. Nautaja kwa sababu mtu akiagiza mbegu kwa jina la mbaruti peke yake, hajui ataletewa kitu gani.

Njia rahisi ya kuanza kuchunguza ni hii. Vunja jani au shina, utazame maji yanayotoka. Yakiwa ya njano, huo ni ule mgeni wa barabarani wenye sumu. Yakiwa meupe kama maziwa, yaelekea ni mmoja wa magugu ya mboga-mwitu yenye majani ya kuchoma. Yasipokuwa na rangi, huenda ukawa mbaruti wa kweli. Hapo usikate shauri peke yako, peleka tawi kwa Bwana Shamba. Lifunge katika gazeti, wala usilibebe likiwa na mbegu zilizokomaa, maana utazimwaga njia nzima.

Hesabu ya maji

Sasa nije kwa wale wanaosema kwamba maua ya miiba hayana faida. Wilaya yetu ya zamani, ambayo sasa ni Kaunti ya Kajiado, haina mvua ya namna moja. Mtelemko wa Vilima vya Ngong hupata mvua nyingi, kama milimita 1,250 kwa mwaka mahali penye bahati, na huko chini upande wa Amboseli hupungua mpaka kama milimita 300. Watu wa uwanda wa Kitengela wamo katikati, nao wajua kwamba kiangazi kikizidi, maji hununuliwa. Hakuna aliyesahau ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka wa 2020, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu na mizoga ya ng'ombe ikalala kando ya barabara.

Basi tufanye hesabu kama darasani. Mtu ana uwanja wa nyasi za pambo, mita 10 kwa mita 10. Siku ya jua kali nyasi hizo zaweza kupoteza maji ya kina cha milimita 5 hivi. Mita 100 za mraba mara milimita 5 ni lita 500. Debe ni lita 20. Kwa hivyo uwanja huo wataka madebe 25 kwa siku moja, ili uwe kijani tu. Ng'ombe wa maziwa akipewa maji hayo, yatamtosha siku nyingi. Haifai debe la maji limwagwe juu ya nyasi zisizoliwa, hali ndama yuko zizini na kiu.

Mbaruti hautaki hayo. Una mzizi mrefu unaokwenda chini moja kwa moja, kama karoti, kutafuta unyevu mahali ambapo nyasi hazifiki. Majani yake mengi yana manyoya mafupi au rangi ya kijivu, na hayo hupunguza ukali wa jua. Ukiisha kushika udongo, waweza kukaa kiangazi chote pasipo kumwagiliwa, ukasinzia tu, na mvua ikija ukaamka. Tena nyuki hupenda sana vichwa vya Echinops. Mwenye mizinga mitatu au minne asiudharau mmea unaotoa maua wakati mimea mingine imekauka.

Kwa hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba bustani ni anasa ya matajiri. Bustani ya nyasi na waridi kwetu ni anasa. Bustani ya mimea ya ukame, yaani mishubiri, mikonge midogo na mibaruti ya kwetu, ni jambo ambalo kila mkulima wa skimu aweza kulifanya pasipo kunyang'anya mifugo maji.

Jinsi ya kupanda

Kwanza, chagua mahali penye jua. Mbaruti wataka jua kutoka asubuhi, walau saa sita kwa siku. Ukipandwa kivulini hurefuka, hulegea, kisha huanguka.

Pili, angalia udongo. Mbaruti haufi kwa kiu upesi, lakini hufa upesi kwa maji yaliyotuama, maana mzizi wake huoza. Watu wa Ngong wenye udongo mwekundu hawana shida. Watu wa Kitengela na uwanda wa Kaputiei wenye udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, lazima wainue tuta. Tuta liwe la kimo cha sentimita 30, lichanganywe na mchanga na kokoto. Huku kwetu mawe yachongwa mahali pengi, na vipande vidogo hupatikana kwa bei ndogo au bure.

Tatu, usitie samadi nyingi. Mkulima mwema hushangaa kusikia hivi, lakini ni kweli. Mbaruti uliolishwa sana hutoa majani mengi, shina refu lisilo na nguvu, na maua machache. Samadi ipeleke katika sukuma na mahindi.

Nne, panda mwanzo wa mvua, yaani mwezi wa Machi kwa mvua ndefu au mwezi wa Oktoba kwa mvua fupi. Mbegu hufukiwa kidogo tu, nusu sentimita mpaka sentimita moja. Ni afadhali kuzipanda pale pale zitakapokaa, kwa sababu mzizi mrefu haupendi kuhamishwa. Ukitumia mifuko ya miche, hamisha miche ingali midogo. Acha nafasi ya sentimita 50 au 60 kati ya mche na mche. Mwagilia mara moja au mbili kwa juma mpaka miche ishike, kisha upunguze, halafu uache.

Tano, ujue umri wa mmea wako. Aina nyingi za mbaruti huishi miaka miwili tu. Mwaka wa kwanza hutandaza majani chini kama sahani, mwaka wa pili husimama, hutoa maua, huzaa, hufa. Echinops nyingi hukaa miaka mingi, zikichipua tena kutoka mzizini. Hizo zaweza pia kupandwa kwa vipande vya mizizi. Kumbuka jambo hilo, maana tutalirudia.

Sita, ukitaka maua ya kukausha kwa kupamba nyumba au kuuza, kata vichwa vikiisha kupata rangi lakini kabla maua madogo hayajafunguka. Fanya mafungu, uyatundike kichwa chini mahali pakavu penye kivuli na hewa. Yatakaa miezi mingi. Vaa glovu nene, na watoto wasichezee hapo.

Hatari iko katika mbegu

Mpaka hapa nimeusifu mbaruti. Sasa nisikilizeni upande wa pili, maana huu ndio ulionifanya niandike.

Mbegu za mibaruti mingi zina manyoya mepesi kama sufi. Upepo wa Kitengela mnaujua. Mbegu haimwulizi mtu mpaka wa shamba lake uko wapi. Tufanye tena hesabu ya darasani. Tuseme mmea mmoja watoa mbegu 1,000, na katika kila mbegu 100 yaota moja tu. Mwaka wa kwanza mmea mmoja umezaa 10. Hizo 10 nazo zikizaa hivyo, zitakuwa 100. Kizazi cha tatu ni 1,000. Hii ni hesabu ya mfano tu, lakini yaonyesha kwa nini gugu huonekana kama limekuja usiku mmoja. Miaka ya kwanza hakuna anayelitazama, na likiisha kuonekana jembe halitoshi tena.

Jambo hili limekwisha kutokea mahali pengi ulimwenguni. Miaka ya 1830 mtaalamu Mwingereza Charles Darwin alisafiri katika nchi za kusini mwa Marekani ya Kusini. Huko aliona eneo kubwa mno limefunikwa na mbaruti mkubwa uliotoka Ulaya, uitwao kardun, hata mtu na mnyama hawakuweza kupita. Na mmea huo huo hata leo wauzwa kuwa pambo la bustani kavu! Huko Australia, serikali ya South Australia ilitunga sheria ya kuzuia mbaruti mwaka wa 1851. Wageni walikuwa wameuleta mmea wa kwao, nao ukaingia katika malisho ya kondoo.

Lakini ya nini kwenda mbali? Tazama gugu-maji. Watu walilitoa Marekani ya Kusini kwa sababu ya uzuri wa ua lake, wakalitia katika vidimbwi vya bustani. Miaka ya 1990 wavuvi wa Ziwa Viktoria walishindwa kutoa mashua zao bandarini Kisumu kwa ajili ya ua hilo. Tazama Laikipia. Zama za ukoloni mpungate uitwao Opuntia stricta uliletwa upande wa Doldol uwe ua wa boma na pambo. Leo umekula malisho mengi. Ng'ombe na mbuzi wakila matunda yake, vijiba vidogo huwachoma mdomo, ulimi na matumbo. Ndovu na nyani hula matunda na kupeleka mbegu mbali. Mwaka wa 2014 wataalamu walianza kuachilia huko mdudu mdogo anayeunyonya mpungate huo, na kazi yake yaonekana. Lakini mdudu hurudisha pole pole yale ambayo mtu mmoja aliyaharibu kwa mche mmoja.

Tazama tena mathenge kule Baringo. Uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema, kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ulipozidi, wakazi walikwenda mahakamani kuishitaki Serikali, na mbuzi asiye na meno akaletwa kuwa ushahidi. Mwaka wa 2008 mathenge ulitangazwa kuwa gugu baya kwa sheria. Mwaka wa 2010 ikawa zamu ya Parthenium, kijimea chenye maua meupe madogo ambacho huwasha ngozi na kuharibu ladha ya maziwa.

Sheria hiyo ya kuzuia magugu mabaya ni Sura ya 325 ya Sheria za Kenya, na imekuwako tangu mwaka wa 1945. Humtaka mwenye shamba aondoe gugu lililotangazwa. Lakini angalia vizuri, msomaji. Sheria hukuambia kitu baada ya gugu kujulikana. Haiwezi kukuambia leo kwamba mche uliouagiza jana utakuwa gugu baada ya miaka 20. Kazi hiyo ya kufikiri mbele ni yetu wenyewe.

Majani ndiyo mali

Wakulima wa skimu twapaswa kukumbuka jambo jingine. Mashamba yetu yamepakana na malisho ya wafugaji wa Kimaasai, nao walikuwa hapa kabla yetu. Kwao majani ndiyo benki, ndiyo shule, ndiyo hospitali. Sisi tukiharibu mahindi ya msimu mmoja, msimu wa pili tutapanda tena. Malisho yakiisha kuingia miiba, mtoto wa leo aweza kuzeeka kabla hayajarudi. Ujirani mwema huanza na kutopeleka mbegu mbaya kwa jirani.

Hapo mtu ataniambia: Karani, basi tupande mibaruti ya kwetu tu, hiyo haina hatari. Ni kweli hatari yake ni ndogo zaidi, kwa sababu wadudu na wanyama wanaoila wako hapa hapa, nayo imezoea kupigania nafasi na majani yetu. Lakini tusijidanganye. Kajiado kuna kichaka cha jamii ya Ipomoea chenye maua mazuri ya umbo la tarumbeta. Ni mwenyeji wa Afrika Mashariki, hakuletwa na mtu. Hata hivyo, mahali ambapo majani yalilishwa mpaka udongo ukabaki mtupu, kimeenea na kuyanyima majani nafasi. Maana yake ni kwamba udongo mtupu ni mlango uliowachwa wazi, na mwenyeji na mgeni wote hupita. Kwa hivyo mtu apandaye mbaruti uani na huku malisho yake yamechakaa, ameanza kazi mwisho. Kwanza apumzishe malisho, apande majani, ndipo apambe nyumba.

Masharti yangu

Basi, kwa maoni yangu, atakaye kupanda mbaruti na atimize masharti haya sita.

1. Ajue jina la mmea kamili, si jina la sokoni. Asiyejua jina asipande.

2. Achague ule wa nyanda zetu kwanza, hasa Echinops. Achukue mbegu chache kutoka mahali zinapoota kwa wingi, kwa ruhusa ya mwenye ardhi, wala asing'oe mimea ya milimani na mwituni.

3. Asiagize mbegu wala miche kutoka ng'ambo kwa njia za pembeni. Mimea ya nje huingia kwa kibali cha shirika la KEPHIS, ambalo liliundwa mwaka wa 1996 kulinda mimea yetu. Bahasha ya mbegu iliyofichwa katika mzigo wa nguo yaweza kuleta gugu, tena yaweza kuleta ugonjwa. Zaidi ya yote asiupokee ule mbaruti mtambaao wa Ulaya, Cirsium arvense. Huo huenda chini ya ardhi, na kipande kidogo cha mzizi chatosha kuzaa mmea mpya. Ukilima kwa plau, umeusaidia kuenea.

4. Apande karibu na nyumba mahali anapopita kila siku. Asipande mpakani, wala kando ya mto au mfereji, wala karibu na zizi. Mimea kumi au kumi na miwili yatosha kabisa kwa pambo.

5. Akate kila kichwa kabla mbegu hazijakauka. Hili ndilo sharti kubwa kupita yote. Vichwa vilivyokatwa visitupwe juu ya mbolea ya takataka, bali vichomwe, isipokuwa vile vichache vya mbegu ambavyo hufungwa katika mfuko wa karatasi. Mtu anayesafiri wakati wa maua lazima amwachie mtu kazi hiyo. Kama hana mtu, akate vyote kabla ya kuondoka.

6. Kila mvua ikiisha, atembee mita 100 kuzunguka shamba lake, na katika shamba la jirani kwa idhini yake, ang'oe kila kichipukizi. Mmea mdogo hung'olewa kwa mkono wakati udongo ungali na unyevu. Mkubwa hukatwa chini ya ardhi pamoja na kiasi cha mzizi. Ukiukata juu tu, utachipua tena. Na zile Echinops za kudumu zichimbwe mzizi wote, kwa sababu tulizozitaja za vipande vya mizizi.

Majibu kwa wapinzani

Wako watakaosema kwamba masharti haya ni mazito mno kwa ajili ya ua. Nami nawajibu kwamba ni mepesi kuliko kazi ya watu wa Laikipia leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wako watakaosema kinyume chake, kwamba ni afadhali miiba yote ikatazwe kabisa na ofisi ya kilimo. Nao siwaungi mkono. Amri ya namna hiyo ingemkamata mama mwenye miche mitano mbele ya nyumba, na isingemgusa mwenye shamba kubwa aliyeacha mbaruti wa njano kuota pande zote za barabara yake. Tena watu wakikatazwa kila kitu, huficha. Mkulima anayeficha mmea wake hamwulizi Bwana Shamba. Afadhali mkulima aonyeshe mmea wake hadharani, afundishwe, na majirani wamwangalie.

Wa tatu watasema kwamba shamba ni lake, ana hati, na maua ya uani kwake hayamhusu mtu. Huyo ndiye naye hasa nataka kuzungumza. Hati yako yahesabu ardhi kwa mipaka, ndugu yangu, lakini haikukupa upepo. Ukifuga ng'ombe akaingia katika mahindi ya jirani, wazee watakutoza. Mbegu ya mbaruti ni mnyama wako vile vile. Tofauti ni kwamba haina alama ya chuma ubavuni, na kwa hiyo jirani hawezi kukuonyesha kuwa ni yako. Kwa sababu hawezi kukushitaki, wewe wapaswa kujizuia.

Naishauri kila kamati ya skimu ifanye mambo mawili kabla ya mvua ndefu za Machi. La kwanza, iandike katika daftari ni nani anayepanda maua ya miiba, na ni ya jina gani. Hiyo si kodi wala adhabu, ni kumbukumbu tu, ili gugu likitokea tujue lilianzia wapi. La pili, iweke siku moja kila msimu, wakulima na majirani wafugaji watoke pamoja na majembe, waondoe mbaruti wa njano na Parthenium kandokando ya barabara na malambo. Siku hiyo mwenye mibaruti ya pambo awe wa kwanza kufika, na awe wa mwisho kurudi nyumbani.